Mwendo wa Siku Kumi na Tisa

Wazee wetu walipoulizwa mji fulani uko umbali gani, hawakutaja maili. Walijibu kuwa ni mwendo wa kutwa moja au wa siku tatu. Mimi niliye mwalimu wa isimu huwakumbusha wanafunzi wangu kuwa jibu hilo lilijaa hekima. Ardhi haisogei, kinachopungua ni muda, nao hupunguzwa na watu. Mmoja wao alikuwa Amy Johnson.

Alizaliwa mwaka wa 1903 mjini Hull, Uingereza. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akawa karani katika ofisi ya wakili jijini London. Huko ndiko alikojifunza urubani. Hata hivyo, hakutosheka na kurusha ndege tu. Alijifunza pia kuzitengeneza, na mwaka wa 1929 akapata leseni ya ufundi wa ndege.

Tarehe 5 Mei, 1930, aliondoka Croydon, kusini mwa London, kuelekea Australia. Alikuwa peke yake katika ndege ndogo ya injini moja, iliyokwisha kutumiwa na wengine. Mbele yake palikuwa na takriban kilomita 17,700, ilhali safari yake ndefu zaidi hadi siku hiyo ilikuwa ya kutoka London hadi kwao Hull! Alinuia kuivunja rekodi ya Bert Hinkler, ambaye mwaka wa 1928 alitumia siku 15 na ushei. Alifika Karachi kwa siku sita, upesi kuliko wote waliomtangulia. Lakini karibu na Rangoon ndege yake iliingia mtaroni ikavunjika, na matengenezo yakamla siku. Alitua Darwin tarehe 24 Mei. Rekodi ilikuwa imemponyoka.

Je, alishindwa? Wahenga walituasa tukawie ili tufike. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia.

Vita vilipozuka, kazi yake ikawa kupeleka ndege za kijeshi vituoni. Tarehe 5 Januari, 1941, aliondoka Blackpool kwenda karibu na Oxford, safari isiyofika kilomita 300. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Akapotea njia, akaangukia kwenye mlango wa Mto Thames. Mwili wake haukupatikana. Aliyefika Darwin hakufika Oxford.

Mwaka wa 2018 abiria walianza kuruka kutoka Perth, Australia, hadi London bila kutua popote, kilomita zipatazo 14,500, kwa muda wa saa 17 hivi. Mimi mwenyewe nimewahi kunung'unikia saa tisa za kutoka Nairobi hadi London, na sasa naona haya. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi wako akipima umbali wa miji kwa rula juu ya ramani, msifu. Kisha muulize ni akina nani walioulipia ufupi wa safari hiyo.