Linus Pauling, mwanakemia aliyeuzoesha ulimwengu vidonge vya vitamini C

Mtoto akianza mafua, wazazi wengi hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya vitamini C ili kuongeza kinga ya mwili. Desturi hiyo imeenea duniani kote, na aliyechangia sana kuieneza ni mwanakemia wa Marekani, Linus Pauling. Maisha yake yana somo kubwa kwa kila mzazi na kila mgonjwa.

Pauling alizaliwa Februari 28, 1901 mjini Portland, katika jimbo la Oregon. Baba yake, aliyekuwa mfamasia, alifariki mwaka 1910, Linus akiwa na miaka tisa. Mama alibaki na watoto watatu na kipato kidogo, hivyo kijana alifanya vibarua vya kila aina ili asome. Mwaka 1925 alipata shahada ya uzamivu, na baadaye akasifika kwa kueleza jinsi atomu zinavyoshikamana.

Mwaka 1941, akiwa na miaka 40, mwili wake ulivimba. Aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo ambao siku hizo uliua wengi, kwani mashine za kusafisha damu zilikuwa hazijaanza kutumika. Daktari wake, Thomas Addis, alimwandikia mlo wenye protini kidogo, usio na chumvi, pamoja na maji mengi. Mkewe, Ava Helen, ndiye aliyehesabu na kupima chakula chake kila siku. Uvimbe ulipungua taratibu, naye akaishi zaidi ya miaka 50 baada ya hapo. (Mgonjwa wa figo asiuige mlo huo bila kuelekezwa na daktari wake.)

Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionesha kuwa ugonjwa wa selimundu unatokana na hitilafu katika himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Familia nyingi za Afrika Mashariki zinaujua ugonjwa huu kwa uchungu, na ugunduzi ule ndio uliofungua njia ya kuuelewa. Alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954, kisha Tuzo ya Amani ya mwaka 1962 kwa kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia. Hadi leo hakuna mtu mwingine aliyepata tuzo mbili za Nobel bila kugawana na yeyote.

Mtu wa sifa hizo akisema jambo, watu husikiliza. Mwaka 1966 mkemia mwenzake, Irwin Stone, alimwandikia barua akimshauri atumie miligramu 3,000 za vitamini C kwa siku. Pauling alianza, akaona mafua yamepungua. Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu vitamini C na mafua, na vidonge vikanunuliwa kwa wingi. Baadaye alidai kuwa vitamini hiyo inasaidia hata wagonjwa wa saratani, na yeye mwenyewe akafikia kumeza miligramu 18,000 kwa siku.

Madaktari wa Mayo Clinic waliyapima madai ya saratani katika tafiti zilizochapishwa mwaka 1979 na 1985. Wagonjwa waliomeza vitamini C hawakupata nafuu kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Ava Helen alifariki kwa saratani ya tumbo mwaka 1981. Pauling alifariki Agosti 19, 1994 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 93, akiwa bado anaamini alichokisema.

Na mafua je? Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zinaonesha kuwa kwa watu wa kawaida, kumeza vidonge kila siku hakuzuii mafua. Hufupisha tu muda wa kuugua, kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Ukianza kumeza baada ya mafua kuanza, faida haijathibitika.

Sababu inaeleweka. Seli za kinga zinahitaji vitamini C, lakini kwa kiasi. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na pera moja la wastani lina zaidi ya 100. Mwili ukitosheka, ziada hutoka kwenye mkojo. Ukizidisha miligramu 2,000 kwa siku unaweza kuharisha, na baadhi ya watu hupata mawe kwenye figo.

Isitoshe, kinga haijengwi na vitamini moja. Inahitaji protini ya maharage, dagaa, mayai au maziwa, madini ya chuma na zinki, na vitamini A ya mboga za majani na matunda ya rangi ya njano. Fedha ya kopo la vidonge ikinunua mayai, mchicha na machungwa, mtoto amepata zaidi. Mboga zisichemshwe muda mrefu wala maji yake yasimwagwe, maana vitamini C huharibika kwa moto na huyeyuka kwenye maji.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Apate chanjo zote kwa wakati na matone ya vitamini A kliniki. Familia nzima inawe mikono kwa sabuni, ilale vya kutosha na iepuke moshi wa sigara.

Mtoto akipumua kwa haraka au kwa shida, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akilegea, usisubiri kidonge chochote kifanye kazi. Mpeleke kituo cha afya mara moja.