Mary Tealby

Mary Tealby (jina la kuzaliwa: Mary Bates, Huntingdon, 30 Desemba 1801 – Biggleswade, 3 Oktoba 1865) alikuwa mwanamke wa Uingereza anayekumbukwa kwa kuanzisha, mwaka 1860, nyumba ya kuwatunza kwa muda mbwa waliopotea jijini London. Nyumba hiyo ipo hadi leo na inajulikana kwa jina la Battersea, mtaa ilikohamia miaka 6 baada ya kifo chake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona nyumba hiyo ikiwa Battersea.

Maisha

Mary alizaliwa katika mji wa Huntingdon, mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1829 aliolewa na Robert Chapman Tealby, mfanyabiashara wa mbao kutoka mji wa bandari wa Hull. Ndoa haikudumu. Wawili hao walitengana, na Mary akahamia London, akaishi na kaka yake, Edward Bates, aliyekuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Makao yao yalikuwa Holloway, kaskazini mwa jiji. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na cheo chochote. Alipoanza kazi iliyompatia jina alikuwa na umri wa miaka 58.

Kutoka jikoni hadi banda la farasi

London ya wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2, na mbwa wasio na mwenyewe walionekana kila mahali. Wengi waliogopwa kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao haukuwa na chanjo. Mbwa aliyekonda akiyumba barabarani aliweza kupigwa mawe hadi kufa kwa kudhaniwa ana kichaa, hata kama alikuwa na njaa tu.

Mwaka 1860 rafiki yake Mary, Bibi Major, aliyeishi mtaa wa Canonbury, alimwokota mbwa aliyekuwa karibu kufa kwa njaa akampeleka nyumbani kwake. Wanawake hao wawili walijaribu kumtunza, lakini mbwa akafa. Baada ya hapo Mary alianza kuwachukua wengine na kuwaweka nyumbani kwake, katika chumba cha kuoshea vyombo kando ya jiko. Chumba kilijaa upesi, ikabidi atafute mahali pengine. Alipata mabanda ya farasi katika barabara ya Hollingsworth, hukohuko Holloway.

Tarehe 2 Oktoba 1860 ulifanyika mkutano wa kwanza wa kamati, katika ofisi za chama cha kifalme cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho kilikuwa kimekwisha kuwapo tangu 1824. Jina lililochaguliwa lilieleza kazi yenyewe: Nyumba ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa. Neno "muda" lilikuwa na uzito wake. Mary hakukusudia kufuga mbwa wa jiji zima, bali kuwalisha na kuwaponya mpaka mwenye mbwa ajitokeze au apatikane mtu wa kumchukua.

Kanuni za nyumba

Mwenye mbwa aliyefika kumdai alimpata baada ya kulipa gharama za chakula na malazi. Wale waliochangia nyumba kwa ada waliwapata mbwa wao bure. Mbwa ambaye hakudaiwa kwa siku 14 aliweza kuuzwa ili kufidia gharama, au kuondolewa kwa njia nyingine kadiri kamati ilivyoamua. Maneno hayo ya mwisho hayakufafanuliwa, na ugumu wake ulionekana wazi zaidi mbwa walipoongezeka miaka ya baadaye.

Kanuni nyingine ilikataza kumpa zawadi yeyote aliyeleta mbwa. Sababu ni kwamba wizi wa mbwa ulikuwa biashara kubwa London: wezi walimwiba mbwa wa nyumba ya watu wenye uwezo, kisha wakadai fidia. Flush, mbwa wa mshairi Elizabeth Barrett Browning, aliibwa mara tatu. Kama nyumba ingelipa kwa kila mbwa, ingewapa wezi soko jipya.

Dhihaka

Gazeti la The Times liliishambulia nyumba hiyo mwezi uleule wa Oktoba 1860, likiiona kama huruma iliyopotea njia, katika jiji ambalo watu wenyewe walikuwa wakilala njaa. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, maana umaskini wa London ulikuwa wa kutisha. Lakini sehemu kubwa ya maneno ilikuwa kejeli tu. Mary na wenzake waliendelea kukusanya michango, ingawa majirani nao walilalamikia kelele za mbwa.

Upepo ulianza kugeuka tarehe 2 Agosti 1862, jarida lililohaririwa na mwandishi Charles Dickens lilipochapisha makala iliyolinganisha maonyesho ya mbwa wa fahari pale Islington na mbwa wasio na kitu waliotunzwa mwendo mfupi kutoka hapo. Makala hiyo iliiongezea nyumba marafiki.

Kifo na yaliyofuata

Mary Tealby aliugua saratani, akafariki tarehe 3 Oktoba 1865 akiwa na umri wa miaka 63. Alizikwa Biggleswade, katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Andrea. Kaka yake alizikwa baadaye katika kaburi hilohilo.

Sheria ya mwaka 1867 iliwapa polisi wa London mamlaka ya kukamata mbwa wanaozurura, na nyumba ikakubali kuwapokea. Kazi ikawa kubwa kuliko mabanda ya Holloway, na mwaka 1871 nyumba ilihamia Battersea, karibu na njia za reli. Mbwa wengi waliokosa watu wa kuwachukua waliuawa. Mwaka 1884 daktari Benjamin Ward Richardson alijenga hapo chumba maalumu cha kuwaua kwa gesi bila maumivu makali. Paka walianza kupokewa mwaka 1883, na Malkia Victoria akawa mlezi wa nyumba mwaka 1885.

Siku hizi baadhi ya wanyama wa Battersea hukaa katika nyumba za watu wa kujitolea, wanaowalea kwa wiki au miezi kadhaa hadi wapate makao ya kudumu.