Granby, jenerali asiyetupa askari wake

Bandugu, John Manners, marquis wa Granby, alizaliwa mu 1721 kule Uingereza, mtoto wa duc wa Rutland. Alikuwa askari, tena mbunge. Mu 1760, vitani Warburg, Ujerumani, alitangulia mbele ya askari wa farasi, mbio sana, mpaka kofia na nywele za bandia zikaanguka. Mchoraji Reynolds alimchora kwa rangi za mafuta na kipara chake wazi. Askari wake walioumia, inasemwa aliwapa franga wafungue nganda. Alikufa mu 1770 na madeni mengi. Mpaka leo nganda nyingi kule zinaitwa Granby. Siye batu ba mugodi tunajua namna mwenye kuumia kazini anasahauliwa upesi. Huyu hakuwasahau.