Woody Guthrie, mtunzi aliyewaimbia wasiotajwa majina

Mwezi Novemba parokia zetu huandika majina ya marehemu ili yaombewe katika Misa. Katika mwezi huo tunafaa kumkumbuka mtunzi wa nyimbo aliyeumizwa na majina yaliyoachwa.

Woody Guthrie alizaliwa tarehe 14 Julai 1912 katika mji wa Okemah, jimbo la Oklahoma, Marekani. Akiwa bado kijana, mama yake aliugua ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo na mwili polepole. Miaka ya 1930 ukame na dhoruba za vumbi ziliwafukuza wakulima wengi mashambani kwao. Guthrie naye alikwenda California, akawaimbia wahamiaji redioni na kambini. Mara nyingi alichukua tuni za kanisani au za zamani ambazo watu walizijua, akazitungia maneno mapya. Hivyo msikilizaji aliweza kuitikia papo hapo.

Tarehe 28 Januari 1948 ndege ilianguka katika Korongo la Los Gatos, California, ikaua watu wote 32. Kati yao, 28 walikuwa vibarua wa mashambani waliokuwa wakirudishwa kwao Mexico. Taarifa zilizomfikia Guthrie ziliwataja kwa majina wafanyakazi wa ndege na mlinzi wao, vibarua hawakutajwa. Akatunga shairi, akawapa majina ya kubuni na kuwaaga kama rafiki zake. Baadaye mwalimu mmoja wa shule alilitilia tuni, na wimbo ukaenea.

Wakati huo Guthrie mwenyewe alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa mama yake. Ulimnyang'anya mikono ya kupigia gitaa, kisha sauti. Vijana kama Bob Dylan walimtembelea hospitalini. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1967, akiwa na miaka 55.

Vibarua wale walizikwa pamoja katika makaburi ya Kikatoliki ya Msalaba Mtakatifu, Fresno. Mwaka 2013, miaka 65 baada ya ajali, liliwekwa jiwe lenye majina yao yote 28. Wimbo ulikuwa umezuia wasisahaulike.

Frateri, mwanakwaya, mwanajumuiya: tunapokusanya majina Novemba hii, tuulize pia jina la kibarua na la mgeni aliyefia kwetu bila ndugu. Tukilipata, tuliandike.