Kakai Kilonzo: Mkamba Aliyeimbia Kenya Nzima

Leo nataka kuwasimulia maisha ya marehemu Kakai Kilonzo. Mimi sikumwona kwa macho, lakini nyimbo zake nazijua kwa sababu ya babu yangu.

Kakai alizaliwa mwaka wa 1954 huko Ukambani, ng'ambo ya mto Tana ukitoka kwetu Embu. Katikati ya miaka ya sabini alianzisha bendi ya Les Kilimambogo Brothers, yenye jina la mlima Kilimambogo ulio karibu na Thika. Muziki wao ulikuwa benga. Gita la mbele linajibu sauti ya mwimbaji, kisha maneno yanakwisha, magita yanashika kasi, na hapo habaki mtu kitini.

Mwanzoni aliimba kwa Kikamba. Wakamba walimpenda sana, lakini sifa zake ziliishia hapo, na bendi za Kikamba zilikuwa nyingi, kama vile Kyanganga Boys ya Peter Mwambi na Kalambya Boys. Kakai akaanza kuimba kwa Kiswahili. Hapo ndipo milango ilipofunguka. Wimbo wake wa Mama Sofi ulipendwa kote nchini. Hadi leo babu akiusikia huacha chai mezani akaanza kucheza, na babu si Mkamba, ni Mwembu!

Kakai alifariki mwaka wa 1987, hata miaka 35 hajafikisha.

Kwa nini nimemchagua yeye? Mwaka jana niliambiwa nisome kwa sauti darasani. Neno barabara nikalitamka mbarabara. Darasa zima lilicheka! Tangu siku hiyo sikuinua mkono tena, na hata chama hiki nilitaka kukihama. Nilipomweleza babu, hakunipa pole. Aliweka kanda ya Kakai akaniuliza kama nasikia Mswahili wa Mombasa humo ndani. Nilicheka. Huyo alikuwa Mkamba wa kawaida anayeimba Kiswahili bila haya, na nchi nzima ilimwelewa.

Jumatatu iliyofuata niliinua mkono. Nilikosea tena, walicheka tena, lakini nilimaliza ukurasa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kakai alicheza kwao, akacheza na kwa wenzake, na kote akatuzwa. Kwa hivyo wewe unayeogopa kuongea, njoo chamani Ijumaa. Tutakosea pamoja mpaka tujue.