Mzee wa Mbu: Maisha ya Daktari Carlos Finlay

Wanachama wenzangu, jina hili msilikimbie kwa sababu ni geni. Carlos Finlay alizaliwa mwaka 1833 huko Kuba. Utotoni aliugua akabaki na kigugumizi. Alisomea udaktari Marekani, akahitimu 1855, kisha akarudi kwao, akawa akitibu watu jijini Havana.

Siku hizo homa ya manjano ilikuwa ikiwamaliza watu. Madaktari wengi walilaumu hewa mbaya, uchafu na nguo za wagonjwa. Mwaka 1881 Finlay alisimama mbele ya wataalamu akawaambia mwenezaji ni mbu. Tena alimtaja hasa: jike mwenye mistari meupe miguuni, anayetaga kwenye maji ya majumbani. Wacha wamcheke! Ati mbu?

Kusema kweli, majaribio yake yalimwangusha. Aliwaacha mbu waliofyonza damu ya mgonjwa wawaume watu waliojitolea, lakini wengi hawakuugua sawasawa. Shida ni kwamba hakungoja. Virusi hukaa ndani ya mbu kama siku 12 hivi kabla hajaweza kuambukiza. Hapa ndipo ninapomwonea huruma huyu bwana: jibu alikuwa nalo, akakosa siku chache tu.

Mwaka 1900 wakaja madaktari wa jeshi la Marekani wakiongozwa na Walter Reed. Finlay, mzee tayari, hakununa. Aliwapa mayai ya mbu wake. Wakawalea, wakangoja, ikawa kweli. Mmoja wao, Jesse Lazear, aliumwa na mbu akafa. Mwaka uliofuata mapipa ya Havana yalifunikwa, madimbwi yakamwagiwa mafuta, na homa ikatoweka. Sifa nyingi zilimwendea Reed. Finlay alipendekezwa mara saba kwa Tuzo ya Nobel, asipewe hata moja. Alifariki 1915.

Mbu wake bado yuko. Ndiye aletaye homa ya dengi, hata Mombasa. Siku hizi wataalamu wamedunga mayai yake bakteria aitwaye wolbakia, waliyemtoa kwa inzi wa matunda. Mbu akiwa naye mwilini, virusi hushindwa kuzaana vizuri, na mama huwarithisha wanawe. Mjini Yogyakarta, Indonesia, matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77. Nao kule walianza na mayai: waliyaweka ndooni penye maji, nyumbani kwa watu, yakaanguliwa yenyewe.