Dian Fossey: feza za Digit, na karatasi moja bila sahihi

Wakaaji wengi wa Kivu wanamjua Dian Fossey juu ya ngagi, ni kusema gorila wa milima. Wengine waliona filamu, wengine walisikia namna alivyouawa. Lakini kuna upande wa maisha yake wenye hauzungumzwi sana: Fossey alikuwa pia mtu wa kuomba feza. Aliomba watu wa kawaida watoe kidogo walichokuwa nacho ili gorila waishi. Aligombana na rafiki zake juu ya njia ile feza ilipitia. Na kisha kufa kwake, mamilioni ya dola yakapita kando ya gorila, sababu ya karatasi moja.

Kutoka Louisville mpaka Kabara

Fossey alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 mwezi wa kwanza 1932. Alisomea kazi ya kusaidia wagonjwa na walemavu waweze tena kufanya shughuli zao za kila siku, akapata kazi katika hospitali ya watoto mjini Louisville. Mwaka wa 1963 alikopa feza banki ili aone Afrika. Huko Olduvai, Tanganyika, alikutana na mtafiti Louis Leakey. Kisha akapanda mpaka Kabara, chini ya mlima Mikeno, upande wetu wa Congo. Hapo ndipo aliona gorila mara ya kwanza. Kati ya watu wenye walimwongoza alikuwa Sanwekwe, Mkongomani mwenye alijua kufuata nyayo za gorila, na mwenye alikuwa amefanya kazi hiyo mbele na mtafiti George Schaller.

Baadaye Leakey alimtafutia wafadhili, na mwanzoni mwa 1967 Fossey akasimamisha hema lake Kabara. Kazi ilidumu miezi sita tu. Mwezi wa saba mamluki wa Jean Schramme walianza uasi, mashariki ikawa vita. Askari walipanda mpaka kambini, wakamshusha Rumangabo. Alizuiliwa, halafu akafaulu kuvuka mpaka Kisoro, Uganda. Hakurudi kwao. Tarehe 24 mwezi wa tisa 1967 alianza upya upande wa Rwanda, katikati ya milima Karisimbi na Visoke. Akaunganisha majina ya milima hiyo miwili, kambi ikaitwa Karisoke.

Gorila mwenye kidole kibovu

Pole pole gorila walimzoea. Akawapa majina, na mengine ni ya Kiswahili: Macho, Kweli, Simba. Mmoja wao, dume kijana mwenye alikuwa na kidole kibovu, akamwita Digit. Kati ya wote, huyo ndiye alikuwa rafiki yake zaidi. Hata ofisi ya utalii ya Rwanda ilitumia picha ya Digit ili kuita wageni.

Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1977, wawindaji haramu na imbwa zao walikuta kundi la Digit. Digit alisimama mbele, wengine wakakimbia. Alichomwa mikuki mitano. Walipomkuta siku mbili baadaye, kichwa na mikono vilikuwa vimekatwa. Mtoto wake pekee, Mwelu, alizaliwa kisha yeye kufa.

Hapo Fossey aliingia katika mawazo mazito. Kutangaza kifo hiki ulimwenguni kungeleta feza, hilo alilijua. Lakini aliogopa kitu kimoja: feza nyingi zitatumwa kwa jina la Digit, zitakwama ofisini, na msituni hakuna mtu atanunuliwa hata jozi ya botisi. Kisha kusita, alikubali habari itoke. Ilisomwa katika habari za jioni za televisheni kubwa ya Marekani. Mwaka huohuo wa 1978 alianzisha Digit Fund, ni kusema Mfuko wa Digit, na lengo lake lilikuwa moja tu: kulipa watu wa kufanya doria na kungoa mitego.

Feza inaingia kwa milango miwili

Wakati uleule, mtangazaji Mwingereza David Attenborough alikuwa amefika Karisoke kupiga filamu. Aliona huzuni ya kambi, akaahidi kusaidia. Aliporudi London, shirika moja la kulinda wanyama likaanza kukusanya michango kwa ajili ya gorila wa milima. Watu wakatoa kwa moyo, wengi juu ya Digit.

Lakini ile feza haikupita kwa Fossey. Iliingia katika mradi mwingine wenye ulianza 1979 pamoja na serikali ya Rwanda. Mradi huo ulikuwa na kazi tatu: kuongeza nguvu ya walinzi wa hifadhi, kufundisha wakaaji wa kando ya msitu, na kuleta watalii wenye kulipa. Fossey alikasirika sana. Kwake ilikuwa kama kuchukua feza ya matanga na kuipeleka kwa harusi. Watoaji walifikiri wanalipa doria, kumbe sehemu ya feza inaandaa utalii. Hata na Wamarekani wenye walimsaidia kusimamia mfuko wake walifikia kutoaminiana.

Nani alikuwa na haki? Jibu si jepesi. Watu wa mradi walikuwa na ruhusa ya serikali, na utalii wa gorila ulikuja kuwa moja ya nguzo za hifadhi. Fossey naye alikuwa na hesabu mkononi: katika miezi minne ya 1979, wafanyakazi wake wanne waliharibu mitego 987. Kosa la pande zote lilikuwa mwanzoni: mwenye kutoa hakuelezwa waziwazi kama feza yake itaenda wapi.

Kuvuka mpaka wa sheria

Kuna jambo lingine lenye haliwezi kufichwa. Fossey alikuwa mtafiti mgeni, hakuwa afisa wa hifadhi. Hata hivyo alikamata wawindaji na kuwahoji yeye mwenyewe, alichoma vibanda vyao, na alivaa vinyago ili wamuogope kama mchawi. Wakaaji wengi walibaki na uchungu. Wale wenye walitega mitego walikuwa mara nyingi watu maskini wenye walitafuta nyama ya swala. Waliomlipa mtu alete kichwa cha gorila walikuwa mbali na walikuwa na feza. Serikali ikawa inampa visa za muda mfupi mfupi. Kulinda wanyama kwa feza za michango hakumpi mtu kazi ya polisi, na hilo lilimletea maadui wengi.

Kuanzia 1980 alikaa karibu miaka mitatu Marekani, akifundisha katika chuo kikuu cha Cornell. Alizunguka akitoa mafundisho na kuombea mfuko wake. Kitabu chake juu ya gorila kilitoka 1983, na kikafanya Digit ajulikane hata na watu wenye hawajawahi kuona mlima wa moto.

Kifo, na wosia wenye haukuwa wosia

Usiku wa tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1985, Fossey aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake ya Karisoke. Feza zake zilikutwa palepale, kwa hiyo wengi hawaamini kama ni wizi. Mahakama ya Rwanda ilihukumu mtafiti mmoja Mmarekani bila yeye kuwepo. Yeye alikana, na mpaka leo mabishano hayajaisha. Fossey alizikwa Karisoke, pembeni ya Digit.

Nyuma yake kulibaki feza ya kitabu, na filamu ilikuwa inatayarishwa. Katika makaratasi yake kulikuwa wosia: mali yote iende kwa Digit Fund, ilipe doria. Lakini karatasi hilo halikuwa na sahihi. Mama yake mzazi alilipinga mbele ya mahakama huko Marekani, na jaji akasema lile ni andiko la kutayarisha tu, si wosia. Mali ikaenda kwa mama. Mwanamke mwenye alipigana miaka yote ili kila dola ya Digit ifike msituni, alishindwa na wino wa kalamu.

Mfuko ulibaki

Hata hivyo Digit Fund haikufa. Watu waliendelea kutoa, na mwaka wa 1992 ilipewa jina la Dian Fossey mwenyewe. Kambi ya Karisoke iliharibiwa katika vita vya 1994, lakini kazi iliendelea. Mwaka wa 1981 gorila wa Virunga walihesabiwa 242 tu. Hesabu ya 2015 na 2016 iliwakuta 604. Leo mfuko huo unafanya kazi hata kwetu, pamoja na wakaaji wa Nkuba, teritware ya Walikale, kulinda gorila wa mabonde.

Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Butembo wanajitolea leo kuchangisha kwa ajili ya wanyama na misitu. Sheria ya Congo ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 inaeleza namna ASBL inapata haki ya kutambuliwa. Na ulinzi wa hifadhi za taifa ni kazi ya ICCN, si ya kikundi cha marafiki. Kuandika kila franga yenye imeingia na yenye imetoka, kumwambia mtoaji feza inaenda wapi, kutia sahihi mbele ya mashahidi: ni mambo madogo, hayapigwi filamu. Kwa kukosa moja kati yake, gorila wa Fossey walipoteza urithi wao.